Kitambaa kinachoua bakteria, halafu bakteria wanakila

Hebu jaribu hii ukipata nafasi. Chukua fulana mbili zilizochakaa, moja ya pamba tupu na nyingine ya poliesta. Zizike kwenye kibanja, katikati ya migomba, kina cha kama kiganja, uweke kijiti cha alama. Rudi baada ya miezi mitatu au minne. Kwenye kibanja kilichotunzwa vizuri pale Rubya au Kamachumu, chenye unyevu, samadi na nyasi za kutandaza zilizoletwa kutoka rweya, ile ya pamba utaikuta matambara, pengine imebaki mishono tu (nyuzi za kushonea mara nyingi ni poliesta, ndiyo maana zinabaki). Ile ya poliesta utaikung'uta udongo, uifue, uivae.

Waliokula fulana ya pamba ni bakteria na kuvu. Pamba ni selulosi, na selulosi ni mnyororo mrefu wa sukari ya glukosi. Vijidudu wa udongoni wana vimeng'enya vya kukata mnyororo huo vipande vipande, wakanywa sukari kama sisi tunavyokunywa togwa. Poliesta imetoka kwenye mafuta ya petroli, na vijidudu wengi hawana mkasi wa kuikata.

Sasa tuseme mtu anakuja na kukuambia: nimetengeneza kitambaa kinachooza kama pamba, na juu yake nimepaka metali ili kiue bakteria. Kifae kwa barakoa, bandeji, mashuka ya wodini. Kikitumika kiue, kikitupwa kioze.

Subiri kwanza. Kama kinaua bakteria, nani atakiozesha?

Swali hili si la kumkomoa mtu. Vitambaa vya aina hii vinatengenezwa kweli, na kuna maabara zinazovifanyia kazi kwa miaka sasa. Jibu lipo, ila limegawanyika: sehemu moja ni ya kufurahisha, sehemu nyingine ni ya kuangalia kwa jicho kali, hasa kwa sisi tunaolima palepale tunapotupa taka.

Metali inauaje?

Bila shaka umewahi kusikia mrututu, zile chembe za buluu zinazouzwa dukani. Kikemia ni salfeti ya shaba. Wazee walikuwa wakiupaka kwenye vidonda ndugu vilivyokataa kupona, na wakulima wa kahawa na zabibu duniani kote wameutumia kuzuia kuvu. (Usiupake kwenye kidonda leo. Unaunguza nyama nzima pamoja na mbovu, na ukiingia mwilini ni sumu.) Kwa hiyo wazo la shaba kuua vijidudu halikuja na teknolojia mpya.

Kinachoua ni ioni, yaani atomu za metali zilizopoteza elektroni na kuachana na kipande kikubwa. Mwaka 1893 ilichapishwa kazi ya mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Carl von Nägeli, iliyoonyesha kwamba kiasi kidogo mno cha shaba au fedha ndani ya maji kinatosha kuua viumbe wadogo. Ninaposema fedha hapa nina maana ya ile metali nyeupe ya pete na mikufu, si hela, ingawa kwa bei yake tofauti si kubwa sana.

Ioni ya fedha inapenda sana salfa. Protini za bakteria zina salfa sehemu muhimu, hasa kwenye vimeng'enya vya kupumua. Ioni ikikaa pale, kimeng'enya kinakwama kama kufuli lililomwagiwa gundi. Shaba nayo inatoboa utando wa nje wa bakteria, halafu ndani inachochea kemikali kali za oksijeni zinazochana kila kitu, DNA ikiwemo. Metali inashambulia sehemu nyingi kwa wakati mmoja, tofauti na dawa nyingi za antibayotiki zinazolenga mahali pamoja.

Jambo la kukumbuka ni kwamba ioni haitoki kwenye metali kavu. Lazima kuwe na unyevu: jasho, usaha, pumzi, damu. Kitambaa chenye fedha kilichokaa kabatini kikavu hakifanyi kazi yoyote ya maana.

Na si kila metali inafaa. Ukiwa mtu wa Kagera unaweza kujiuliza kuhusu chuma, maana babu zetu walikifua Katuruka, kule Maruku, miaka kama 2,000 iliyopita, na mabaki ya tanuu zao yamechimbuliwa na wanaakiolojia. Chuma hakifai hapa. Bakteria wengi wanahitaji chuma ili waishi, tena mwili wako unakificha ndani ya protini maalumu ili wasikipate. Ukipaka kitambaa chuma utapata kutu, na pengine utakuwa umewaandalia chakula.

Kupaka bila brashi

Njia rahisi ni kuloweka. Unachukua kitambaa, unakitumbukiza kwenye maji yenye chumvi ya fedha au shaba, halafu unaweka kitu cha kuzirudishia ioni elektroni zake. Metali inajitengeneza kuwa chembe ndogo zinazoshika kwenye nyuzi. Siku hizi watafiti wengi wanatumia juisi za majani au maganda ya mimea kwa kazi hiyo, kwa sababu tanini na ndugu zake wanatoa elektroni vizuri.

Njia ya pili ni ya kifahari zaidi. Kitambaa kinawekwa ndani ya chumba cha chuma, hewa inafyonzwa hadi karibu iishe, inaingizwa gesi kidogo ya argoni. Umeme unapigwa, argoni inageuka plazma, na ioni zake zinakimbia kugonga bamba la shaba au fedha. Kila mgongo unarusha atomu kutoka kwenye bamba, kama kokoto zinavyoruka ukipiga jiwe kwa nyundo, na atomu hizo zinatua juu ya kitambaa. Tabaka linalopatikana linapimwa kwa nanomita. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita 70,000 hadi 100,000 hivi. Tabaka la metali linaweza kuwa nanomita 100 tu.

Piga hesabu: tabaka la shaba la nanomita 100 juu ya mita moja ya mraba ni chini kidogo ya gramu moja. Barakoa moja ya kawaida ingebeba kama sentigramu moja na nusu.

Njia hii haikubaki maabara tu. Miaka ya 1990 huko Kanada, Robert Burrell na wenzake walitengeneza bandeji ya majeraha ya moto iliyopakwa fedha kwa njia ya jamii hii, ikaingia hospitali za nchi nyingi kwa jina la Acticoat. Lakini nyavu zake zilikuwa za polithini, ndugu wa mfuko wa rambo. Haiozi. Ndipo wengine wakafikiria kubadilisha kile cha chini. Watafiti wa nguo wa mji wa Łódź, Poland, wamekuwa wakipaka shaba juu ya kitambaa cha PLA, plastiki inayotengenezwa kutokana na sukari ya mimea kama mahindi au muwa. Vitambaa vyao viliua bakteria maabara, na tabaka la shaba linaweza kukaa bila kuyeyusha PLA kwa kuwa chumba kile hakihitaji joto kali.

Basi, nani anakiozesha?

Hapa kuna jambo zuri. PLA haianzi kuoza kwa kuliwa. Inaanza kwa kukatwa na maji. Maji yanaingia katikati ya minyororo na kuikata taratibu, hadi vipande viwe vifupi vya kutosha kwa bakteria kuvila. Metali ya juu haiwezi kuyazuia maji. Kwa hiyo kitendawili kinapungua: muuaji analinda mlango wa mbele, nyumba inabomoka kutoka ndani.

Tatizo ni joto. PLA inakatika vizuri kwenye mboji ya kiwandani yenye joto la kama nyuzi 58. Udongo wa kibanja Muleba haufiki hata nusu ya hapo siku nyingi za mwaka. Barakoa ya PLA ukiizika pale uliposika fulana, unaweza kuirudia mwaka unaofuata na kuikuta ipo, mwaka wa pili pia. Neno "inaoza" kwenye pakiti ni la kweli, ila limeandikwa kwa ajili ya mji wenye kiwanda cha mboji. Mimi naona hili ndilo neno linalopotosha watu wengi kuliko yote katika biashara hii.

Kwa pamba, katani au nyuzi za mgomba hali inageuka. Hizo zinaoza hata kwa baridi, lakini zinategemea vijidudu tangu mwanzo, kwa hiyo metali inaweza kuzichelewesha. Ukitaka kuona mfano wa kuchelewesha kupita kiasi, tazama nguzo ya umeme yenye rangi ya kijani kijani barabarani. Ule ukijani unatokana na dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki iliyosukumwa ndani ya mbao, na kazi yake ni kuwanyima kuvu na mchwa nafasi kwa miaka mingi. Mti ni selulosi pamoja na vitu vingine, pamba ni selulosi. Ukimwaga shaba bila kipimo kwenye kitambaa, umejitengenezea nguzo ya umeme ya kuvaa.

Kinachookoa ni kwamba udongo wenyewe unapigana. Udongo wenye mboji nyingi unakamata ioni. Fedha ikikutana na salfa inageuka salfidi ya fedha, chembe nyeusi isiyoyeyuka kirahisi (ndiyo hiyo inayosababisha mkufu wako kuwa mweusi), na makali yake yanapungua sana. Shaba inang'ang'aniwa na mboji. Tabaka likiwa jembamba, vijidudu wanasinzia kidogo, wanazinduka, wanaendelea na kazi. Kitambaa kinaoza kwa kuchelewa.

Lakini metali haiozi. Iko palepale.

Inakwenda wapi?

Nchini mwetu swali hili tayari lina historia, tena kwenye zao tunalolijua. Mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro yalipuliziwa dawa za shaba kwa miongo mingi kuzuia ugonjwa wa kahawa na kutu ya majani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha shaba imelundikana kwenye udongo wa mashamba hayo. Haikunyeshewa ikapotea, ilikaa kwenye tabaka la juu, pale mizizi ya migomba na maharage inapotafuta chakula.

Ukilinganisha, shaba ya barakoa 1,000 kwa ile hesabu yetu ni gramu 15 tu, wakati kupulizia kahawa kunaweza kuweka kilo kadhaa kwa hekta kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo usiogope barakoa moja iliyoanguka shambani. Cha kuogopa ni shimo moja la taka linalopokea vitambaa vya kituo kizima kwa miaka kumi, na chini yake kuna mteremko wa kwenda ziwani.

Halafu kuna kufua. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Troy Benn na Paul Westerhoff, walizifua soksi zilizouzwa kwa sifa ya kuwa na fedha ya kuzuia harufu. Baadhi ya soksi zilitoa karibu fedha yote ndani ya fua chache, nyingine hazikutoa kitu. Maana yake, unaweza kununua kitambaa cha kuua bakteria na mwezi mmoja baadaye ukawa na kitambaa cha kawaida, ila fedha yako imeenda na maji machafu. Hapo maana zote mbili za neno fedha zinafaa.

99.9% ni kiasi gani?

Ukisoma pakiti utakuta "inaua 99.9% ya bakteria". Inasikika kama imemaliza kazi. Tuanze na bakteria 1,000,000 kwenye kipande cha nguo. Ukiua 99.9% wanabaki 1,000. Bakteria kama E. koli, akiwa na joto, maji na chakula, anajigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Wale 1,000 wakijigawa mara kumi wanakuwa 1,024,000. Mara kumi kwa dakika 20 ni saa 3 na dakika 20. Yaani ukishindwa kuendelea kuua, kabla ya zamu ya nesi kwisha uko palepale ulipoanzia.

Na hiyo 99.9% inapimwaje? Kwa kawaida kipande cha kitambaa kinalowekwa bakteria, kinaachwa kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24, kisha wanahesabiwa waliobaki. Ni kipimo halali. Ila wewe hukohoi kwenye barakoa halafu ukasubiri hadi kesho ndipo uishike.

Nasema hivi kwa sababu Kagera tumekuwa na sababu ya kutamani kitambaa cha namna hii. Machi 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg katika wilaya ya Bukoba. Waliougua walikuwa tisa, sita walifariki, wahudumu wa afya wakiwa miongoni mwa waathirika. Januari 2025 ugonjwa ukarudi, safari hii Biharamulo. Marburg inaambukiza kwa kugusa majimaji ya mgonjwa, pamoja na mashuka na nguo zilizochafuka kwa majimaji hayo. Ukisikia hivyo, wazo la shuka linaloua kirusi lenyewe linakuja haraka kichwani.

Utafiti mmoja wa mwaka 2020 kuhusu kirusi cha korona unaweza kukutia moyo: juu ya shaba, kirusi hai hakikuonekana tena baada ya saa 4, wakati juu ya plastiki kiliweza kukutwa hadi saa 72. Lakini ile ilikuwa shaba kamili, si tabaka la nanomita 100, na yalikuwa matone madogo. Shuka iliyolowa damu ni habari nyingine. Damu imejaa protini, protini zina salfa, na zitazikamata ioni kabla hazijafika kwa kirusi. Tena saa 4 ni nyingi mno kwa mtu anayetakiwa kukunja shuka hiyo sasa hivi. Kwa kazi hiyo muuguzi anahitaji glovu, gauni lisilopitisha maji, klorini, na mtu wa kumwangalia anapovua. Metali ije baadaye kama inakuja.

Kwenye vidonda napo, ukweli una pande mbili. Fedha imetumika kwenye majeraha ya moto kwa miongo mingi, krimu ya salfadiazini ya fedha ikiwa maarufu tangu miaka ya 1960. Lakini mapitio ya Cochrane ya mwaka 2010 yalikusanya majaribio ya bandeji na krimu za fedha na kukuta ushahidi hautoshi kusema zinazuia maambukizi au zinaharakisha kupona. Na bakteria wanaweza kujifunza. Mwaka 1975 iliripotiwa kwamba wodi ya majeraha ya moto ya Massachusetts General Hospital, Boston, ilipata salmonela sugu kwa nitrati ya fedha. Wagonjwa watatu walifariki. Ukitapanya fedha kwenye soksi, taulo na mifuko ya vyakula, unawapa bakteria mazoezi ya bure dhidi ya kitu ambacho daktari atakihitaji siku moja kwa mtoto aliyeungua na uji.

Kifanye kazi gani, basi?

Fuata kitambaa hadi mwisho wa maisha yake, utapata jibu lisilo la brosha. Muleba ina hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo, na bandeji iliyotoka kwenye kidonda chenye usaha ni taka hatarishi, inatakiwa kwenda kwenye kichomea taka. Ikishachomwa, sifa ya kuoza haijakusaidia chochote, na metali imebaki kwenye majivu. Shuka inafuliwa mara mia, kwa hiyo linalotakiwa ni metali isiyotoka, na kuoza si haraka. Pedi za hedhi zinazooza ni jambo la maana sana. Moses Musaazi wa Makerere alizitengeneza kwa mafunjo na karatasi, zikaitwa MakaPads. Hizo sitaki zipakwe fedha hata kidogo, maana uke una bakteria walinzi wanaotakiwa kubaki hai.

Kinachobaki ni vitu vya kutumia mara moja, visivyobeba maambukizi mazito, vinavyoishia shimoni au shambani. Barakoa za kawaida. Vichujio vya maji. Vifuniko vya mazao yanayosafiri mbali. Hapo kitambaa cha selulosi chenye tabaka jembamba mno kinaweza kuwa na faida kuliko plastiki, mradi mtu apime mambo matatu kwa pamoja kwenye kipande kilekile: kinaua kwa saa ngapi, kinapoteza metali kiasi gani kikilowa, na kinaoza kwa miezi mingapi kwenye udongo wa joto letu. Tafiti nyingi zinapima la kwanza kwa fahari na kuyapitia mengine juu juu.

Na malighafi tunayo. Kabla ya kaniki na khanga kufika, watu wa Buhaya walivaa lubugo, nguo ya gome la mti wa jamii ya mtini, kama majirani zao Waganda ambao ufundi wao ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Gome linabanduliwa, jeraha la mti linafungwa majani ya mgomba ili lipone, kisha gome linapigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji hadi litanuke kuwa kitambaa. Hakuna uzi, hakuna mashine ya kufuma. Samson Rwawiire wa Chuo Kikuu cha Busitema, Uganda, ameichunguza nguo hii kihandisi pamoja na wenzake wa Liberec, Ucheki.

Ukiiweka lubugo kwenye kile chumba cha plazma utakutana na shida moja. Atomu za metali zinasafiri kwa mstari ulionyooka, na lubugo ina mabonde na vilima, kwa hiyo zitatua juu ya nyuzi zinazoonekana tu. Za chini zitabaki uchi. Kuloweka kunaingia ndani zaidi. Na maganda ya miti kwa asili yana tanini, vilevile vitu vinavyotumika kuzirudishia ioni za fedha elektroni zake. Inawezekana kabisa gome likafanya nusu ya kazi lenyewe, bila kuongezewa juisi ya majani. Mwanafunzi wa kemia mwenye kipande cha lubugo, gramu chache za nitrati ya fedha na ruhusa ya kuchimba shimo dogo kwenye kibanja cha mtu anaweza kulijua hilo ndani ya msimu mmoja wa masika.